Laini ya Nyumbani Haichomolewi

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba joto la mchana hushindwa kupenya. Mawimbi ya simu nayo hushindwa vilevile. Aliyelelewa Mkomani, mtaa wa kale wa mji huo, anajua kwamba chumba cha ndani kabisa si mahali pa kuzungumzia simu, na mwenye neno la maana hupanda juu darini au hutoka akaketi dakani, kwenye baraza la mawe mbele ya mlango, ambako mtandao hushika. Hapo dakani ndipo Baba alipokaa kwa siku 19 mfululizo, kila usiku baada ya Isha, akisubiri simu yangu kutoka Chennai, India, ambako nilikuwa nimempeleka Mama kufanyiwa upasuaji wa moyo. Katika siku hizo zipo nne ambazo daktari alikuwa tayari, fedha za jamaa zilikwisha kuchangwa, na bado Mama hakuingizwa katika chumba cha upasuaji, kwa sababu kadi yangu ya simu ilikuwa imepotea. Nimekaa na jambo hili muda mrefu kabla ya kuliandika.

Tulipokuwa tukijiandaa, kila kitu kilikuwa na bahasha yake: barua ya daktari, picha za moyo, pasipoti, viza ya matibabu, orodha ya dawa. Simu peke yake ndiyo haikuwa na bahasha. Nilidhani mtandao ni jambo la kutafutwa mtu akishafika, kama teksi au chakula, na ninaona wasafiri wengi wa kwetu wakifikiri hivyo hivyo, wawe wanakwenda India kwa matibabu, Guangzhou kwa biashara, Makka kwa Umra au Uarabuni kwa kazi. Ninavyoamini sasa ni kwamba laini ya simu ina kazi mbili zisizofanana. Kazi moja ni kukutambulisha, kwa kuwa benki, huduma ya pesa za simu na WhatsApp hukujua kwa ile namba yako ya +254. Kazi nyingine ni kukupa data. Nyumbani laini moja hufanya kazi zote mbili bila sisi kuona tofauti. Ugenini lazima kazi hizo zitenganishwe, bando litoke kwa wenyeji, na utambulisho ubaki kwenye laini ya nyumbani, ambayo haichomolewi hata siku moja.

Inafaa kueleza kinachotokea simu ya Kenya inapowashwa nchi nyingine, kwa sababu gharama zote zinaanzia hapo. Kila kadi ya simu hubeba nambari ya utambulisho ambayo si ile namba tunayopeana. Kwa kawaida ina tarakimu 15, na tatu za mwanzo hutaja nchi ilikotoka. Kwa Kenya ni 639. Mnara wa ugenini ukisoma 639 hujua kwamba huyu ni mgeni, na mtandao wake huuliza mtandao wa Kenya kama mtu huyo ni mteja wake na kama ameruhusiwa huduma ya romingi, yaani kutumia laini yake kupitia mtandao wa nchi nyingine. Jibu likiwa ndiyo, simu hushika. Kuanzia hapo data yako kwa kawaida haiendi moja kwa moja unakotaka, bali hurudishwa kwanza hadi kwa mtandao wa nyumbani, kisha ndipo itoke kwenda intaneti; ukiwa Chennai ukitafuta barabara ya Chennai, swali lako hupita Kenya kwanza. Mtandao wa ugenini huutoza mtandao wa nyumbani, nao mtandao wa nyumbani hukutoza wewe, na asiyejiunga mapema na bando la romingi hulipa kwa kila megabaiti. Bei ya megabaiti moja ikiandikwa peke yake huonekana ndogo. Izidishe kwa 1,000 ndipo uone gigabaiti moja itakugharimu nini.

Sikuyajua haya tulipotua Falme za Kiarabu kubadilisha ndege. Niliwasha simu huku nikimsukuma Mama kwenye kiti cha magurudumu, na kabla hatujafika kwenye lango la ndege ya pili salio langu la shilingi 1,000 lilikuwa limekwisha. Sikuwa nimefungua chochote. Simu yenyewe ilikuwa imehifadhi picha mtandaoni, imesasisha programu, na imeshusha video za makundi ya WhatsApp zilizokuwa zikisubiri tangu Nairobi. Mahali pa kuzima data ya romingi pamo katika mipangilio ya simu, na kuzima kwenyewe ni kugusa mara moja. Lakini pazimwe mtu akiwa bado uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya Lamu, si baada ya kutua ugenini. Kuzima data hakuzuii ujumbe mfupi. Laini hubaki hewani, na kwa mitandao mingi kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje hakulipiwi, ingawa kupokea simu ya sauti mara nyingi hulipiwa, jambo linalowashtua wengi kwa sababu kwetu anayepiga ndiye anayelipa.

Nilipopata waifai ya uwanja nilimpigia Baba kwa WhatsApp. Iliita, haikushika; nikapiga tena, ikawa vilevile. Falme za Kiarabu haziruhusu simu za sauti na za video za WhatsApp, na Oman nayo imekuwa ikizizuia kwa miaka mingi, ila maandishi na ujumbe wa sauti hupita. Baba hakulijua hilo, wala mimi sikulijua. Aliona jina langu likitokea na kutoweka, likitokea na kutoweka, akaamini kwamba Mama amepatwa na jambo na mimi nashindwa kulisema. Mpaka ujumbe wangu wa sauti unamfikia, alikuwa amekwisha kumwita Kaka atoke kazini. Anayepitia nchi hizo na awaambie watu wake mapema: kutoka hapo msisubiri simu, subirini ujumbe.

Chennai nilifuata ushauri ambao nusu yake ilikuwa nzuri, yaani kununua laini ya wenyeji. Data ya India imekuwa rahisi sana tangu kampuni ya Jio ilipoingia sokoni Septemba 2016, na bando nililojiunga nalo lilinipa gigabaiti 1.5 kila siku kwa siku 28, zaidi ya tulivyohitaji. Shida ni karatasi na muda. Muuzaji alitaka pasipoti, viza, picha na anwani ya tunakolala, na laini haikuanza kufanya kazi papo hapo bali siku ya pili. Mgeni asitegemee kutoka dukani akipiga simu, na asiitegemee sana waifai ya njiani pia, kwa maana katika uwanja mmoja wa ndege tulioupitia, waifai yenyewe ilitaka kwanza namba ya simu ili itume tarakimu za kuingilia, na tarakimu hizo hazikufika.

Simu yangu ilikuwa na nafasi moja tu ya kadi. Laini ya India ilipokuwa tayari, niliketi ukingoni mwa kitanda cha Mama, nikachomoa pini kwenye mtandio wangu kwa kuwa kile kisindano cha simu kilibaki Lamu, nikaisukuma ndani ya kitundu cha ubavuni mpaka kisahani cha kadi kikajitokeza. Kadi za siku hizi, zile ndogo kabisa, zina urefu wa milimita 12.3 na upana wa milimita 8.8, ukiiweka juu ya ukucha wa kidole gumba haiufuniki wote. Niliifunga kadi ya Kenya ndani ya karatasi laini ya kujifutia, nikaiweka mezani kando ya glasi ya maji ya Mama, nikaingiza ya India, mtandao ukashika barabara. Ilikuwa saa nne na nusu usiku kwetu, saa mbili usiku Lamu. Nikampigia Baba kwa video, na Mama akamwona kwa mara ya kwanza tangu tuvuke na boti kwenda Manda. Alimuuliza kama anakula. Baba naye akageuza simu amwonyeshe paka wa jirani aliyelala juu ya baraza. Tulizungumza karibu nusu saa, na nilifurahi kiasi cha kuisahau ile karatasi. Asubuhi mfanyakazi wa usafi alipita, akapangusa meza, akakusanya karatasi zote. Hakukosea, karatasi iliyokunjwa kando ya kitanda cha mgonjwa hutupwa.

Adhuhuri ya siku hiyo ofisi ya malipo iliomba amana ya upasuaji. Jamaa wa Lamu, Malindi na Mombasa walikuwa wamechanga, na michango iliingia kwenye namba yangu, kama ilivyokuwa desturi yetu tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 na namba ya simu ikawa ndiyo mkoba. Sehemu kubwa nilikuwa nimekwisha kuihamishia benki. Nikafungua programu ya benki, nikaandika kiasi, nikabonyeza, nayo ikanitaka niandike tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu yangu. Zilitumwa kweli, kwenye namba ambayo kadi yake ilikuwa katika taka za hospitali. Nilijaribu mara kadhaa, mpaka programu ikajifunga kwa ajili ya usalama wa akaunti.

Laini iliyopotea hurejeshwa kwa kadi mpya, lakini mwenyewe hutakiwa kujitokeza na kitambulisho chake. Kaka alikwenda kwa wakala akiwa na picha ya kitambulisho changu, akarudi mikono mitupu, na ilikuwa haki arudi hivyo, kwa sababu masharti hayo hayo ndiyo yanayomzuia mwizi asiichukue namba ya mtu. Basi fedha zilikuwepo, zimeandikwa jina langu, na mimi mwenyewe siwezi kuzigusa. Kaka alizunguka upya kwa wale wale waliokwisha kuchanga, safari hii akikopa. Shangazi aliuza bangili zake mbili. Fedha zikapelekwa kutoka benki hadi benki, zikafika siku ya nne. Muda wote huo Mama hakuambiwa sababu. Aliniuliza, "Mwanangu, kwani daktari amebadili shauri?" nami nikamjibu kwamba wanasubiri majibu ya damu. Nilimwambia uongo mgonjwa wangu, na hilo linaniuma hadi leo, ijapokuwa upasuaji ulikwenda salama na Mama yu hai, anapika, na anagombana na wajukuu.

Dawa ya msiba huo ilikuwa rahisi. Simu ya pili ingetosha, hata ile ya vitufe tunayoiita mulika mwizi: unaiachia kadi ya Kenya, unaizima sauti, unaiweka mkobani, na kazi yake ni kupokea ujumbe wa benki tu, huku simu kubwa ikitumia kadi ya wenyeji. Uangalizi mmoja unahitajika hapa, kwamba simu za aina hiyo nyingi hutegemea mtandao wa 2G, na zipo nchi zilizouzima; Singapore iliuzima mwaka 2017. Kwa hiyo anayekwenda mbali afadhali abebe simu janja ya zamani yenye 4G. Mwenye simu ya nafasi mbili za kadi hana haja ya hayo yote, na simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina nafasi mbili, ila wengi wetu nafasi ya pili tumeijaza laini ya bando rahisi na hatukumbuki kuiacha wazi kwa safari.

Ipo pia eSIM, laini isiyo na kadi ya kushika mkononi. Badala ya kadi, ndani ya simu mna kijisehemu kilichoshikizwa kiwandani, na laini yenyewe hushushwa kutoka mtandaoni kwa kupiga picha alama ya mraba inayotumwa na muuzaji. Kadi yako ya Kenya haiguswi, hakuna pini wala karatasi. Simu za iPhone zilianza kuwa nayo mwaka 2018, na tangu 2022 zile zinazouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kuingizia kadi. Kujua kama simu yako inaikubali, piga *#06#: ukiona, pamoja na nambari za kawaida za simu, nambari ndefu iliyotajwa kuwa EID, basi inaikubali. Laini hizi za wasafiri nyingi ni za data peke yake, hazina namba ya kupigiwa, na hilo si kasoro kwa mtu ambaye namba yake ya nyumbani ingali mahali pake. Kinachowakwamisha watu ni kwamba ili kuishusha laini unahitaji intaneti, yaani kitu kile kile unachokwenda kukitafuta. Kwa hiyo ishushwe ukiwa bado nyumbani, baada ya kusoma vizuri kama siku za bando huanza kuhesabiwa unaposhusha au unapofika. Kisha ingia katika mipangilio, uchague laini hiyo iwe ndiyo ya data, na uzime ule uwezo wa simu wa kuhamia laini nyingine yenyewe mtandao unapodhoofika, la sivyo itarudi kimya kimya kwenye laini ya Kenya na salio litakwenda lilikokwenda langu.

Nina jambo jingine ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza, nalo ni kuifungia kadi yenyewe kwa nambari ya siri. Si nambari ya kufungulia simu. Ni ya kadi, inayoulizwa kila simu inapowashwa. Aliyeokota kadi isiyofungwa anaweza kuitia katika simu yake na kupokea ujumbe wa benki yako. Iliyofungwa humkatalia, na akikosea mara tatu itamtaka nambari nyingine ya kufungulia, yenye tarakimu nane. Kule Chennai, zaidi ya fedha zilizokwama, nilikosa usingizi kwa kufikiri kadi yangu iko mikononi mwa nani.

WhatsApp nayo ina mtego wake. Ukiingiza kadi ya wenyeji huenda ikakuuliza kama unataka kubadilisha namba. Kataa. Akaunti itaendelea na namba yako ya +254 hata kama data inatoka laini nyingine, na jamaa watakupata walipozoea kukupata; lakini ukiifuta programu au ukihamia simu nyingine, itataka kuithibitisha namba upya, na hapo tunarudi kwa kadi ya nyumbani.

Nchi zina taratibu zake, na si zote zinahitaji maneno mengi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Juni 2017, laini iliyonunuliwa nchi moja hutumika nchi nyingine za umoja huo bila nyongeza ya romingi kwa matumizi ya kawaida ya msafiri, kwa hiyo anayeshukia Italia kisha akaenda Ufaransa hana haja ya kadi mbili. Uturuki humpa mgeni siku 120, baada ya hapo simu yenye kadi ya Kituruki ambayo haikusajiliwa huzimiwa mtandao. Hapa kwetu tuliwahi kuwa mbele ya ulimwengu: mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa kama mtandao mmoja, mteja akavuka mpaka akipokea simu bila kulipia.

Uchina ndiko kunakonilazimisha kupunguza ukali wa kanuni yangu. Binamu yangu anayenunua vitambaa Guangzhou alinunua laini ya wenyeji kama nilivyomwelekeza, na WhatsApp ikakataa kufunguka, kwa kuwa huduma hiyo imezuiwa huko, pamoja na Google. Alipowasha data ya laini ya Kenya ikafunguka. Sababu ni ile safari ya data niliyoieleza, kwamba ya romingi hurudi nyumbani kwanza ndipo itoke, kwa hiyo vizuizi vya huko haviigusi. Kwa Uchina basi, bando la romingi lililolipiwa kabla ya kuondoka lina thamani yake, na aliyenalo alitumie kwa mawasiliano na jamaa, mengine ayafanye kwa waifai.

Mwaka uliofuata tulirudi Chennai kwa ajili ya kumpima Mama. Nilinunua simu yenye nafasi ya kadi na eSIM, nikaifungia kadi kwa nambari ya siri, na michango safari hii iliwekwa katika akaunti ambayo Kaka naye anaruhusiwa kutoa. Laini ya India niliishusha nyumbani wiki moja kabla. Nilianzia chumbani ikagoma nusu ya njia, nikatoka nikaketi dakani kando ya Baba, ikamalizika. Ramani ya Chennai niliishusha hapo hapo, na Baba akataka aonyeshwe hospitali iko wapi, na tutalala wapi, na kati ya hizo mbili kuna mwendo gani.

Tulipofika kwenye dirisha la malipo, saa nane na nusu mchana, niliandika kiasi na kubonyeza kama nilivyobonyeza mara ile. Simu ikatetemeka mkononi. Mama, aliyekuwa ameketi benchini akishikilia faili lake, aliinua uso akauliza, "Ni Baba yako?" Nikamwambia ni benki. Niliandika zile tarakimu sita, risiti ikatoka, na kwa kuwa Lamu ilikuwa saa sita tu, tukampigia Baba kabla hajatoka kwenda kuswali.